Karata Nilizoshikishwa Hoteli ya Nargisi

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko huu. Herufi zimelala upande kama migomba iliyopigwa na upepo, na najua kuna pahala nimekosea kuandika. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, na naandika polepole sana. Ukurasa mmoja unanichukua tangu chai ya asubuhi mpaka watu wanatoka msikitini adhuhuri. Lakini msinicheke. Mkifika mwisho mtajua kwa nini mwandiko wangu uko hivi.

Haya ninayoyaandika yametokea. Sikuhadithiwa na mtu, sikuota, wala sikuwa na homa. Wallahi yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Pemba, mjini Wete, msimu wa karafuu uliopita. Watu wakisikia mambo ya Pemba hudhani lazima iwe usiku wa manane na mtu awe peke yake porini. Mimi nilikuwa katikati ya mji, chini barabarani bodaboda zinapita na wanawake wananunua mikate ya ufuta. Nani angeogopa?

Mimi ni mtu wa Gando. Ni mtu wa haya, tangu mdogo. Nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja naangalia chini. Kitu kimoja tu nilichokuwa nasifiwa ni mwandiko. Skuli mwalimu alikuwa akiniita niandike ubaoni ili apumzike, na nilipomaliza darasa la saba, kijijini kila penye harusi niliitwa kuandika majina juu ya kadi. Mama yetu, Bi Mize, alikuwa akiwaonyesha wageni madaftari yangu ya zamani kama mtu anayeonyesha dhahabu. Na mkono huo wa kuandikia, wa kuume, ulikuwa na kovu kwenye dole gumba, kovu lililopinda kama mwezi mwandamo, nililolipata kwa panga nikifua nazi. Lishikeni hilo kovu, nitalirudia.

Kaka yangu anaitwa Faki. Yeye hana haya hata kidogo. Aliacha skuli mapema, na akiandika jina lake utadhani kuku kaparura. Lakini ulimi anao. Mimi ameniita "Bi Harusi" kwa sababu ya kuangalia chini, na jina hilo lilienea mpaka watoto wadogo wakawa wananiita. "Bi Harusi, inua uso wageni wakuone!" Watu wanacheka, naye anacheka kuliko wote. Hata hivyo nilikuwa nampenda. Baba alipokufa yeye ndiye aliyekuwa anapanda mikarafuu yetu, na mimi namfuata tawi la chini.

Sasa niwaeleze hoteli yenyewe. Mtaa wake sitautaja, maana mwenyewe yuko hai na mimi sitaki kesi. Watu wanaiita Nargisi, ingawa jina lililokuwa juu ya mlango lilishafutwa na mvua. Ina ghorofa moja, na juu yake sakafu ya wazi. Historia yake kila mzee wa Wete anayo, na kila mmoja ana yake, lakini zinapokutana ni hivi.

Zamani, kabla ya Mapinduzi, ilijengwa na tajiri mmoja wa karafuu. Msimu ukifika wanunuzi walikuja kutoka Unguja na Mombasa wakalala pale, na ghorofani kulikuwa na chumba kilichoitwa chumba cha feni, kwa sababu feni la kwanza watu waliloliona mjini lilikuwa mle. Chini ya feni pana meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Hapo watu walicheza kamari. Mtu aliingia na fedha za karafuu zote alizouza, akatoka anaomba nauli. Wake zao walisimama chini barabarani wanaita, na tajiri akaweka gramafoni dirishani ili sauti zao zisifike juu.

Basi shehe mmoja akasimama msikitini akamtaja tajiri mbele ya watu. Tajiri akala yamini: kuanzia leo hapana pesa itakayowekwa juu ya meza yangu. Na wallahi alitimiza. Badala ya pesa, wakawa wanachezea mikono.

Mkono maana yake ilikuwa hivi. Mchumaji akifungwa, yaani akishindwa karata, mkono wake wa kuume ni wa aliyemfunga msimu mzima. Atachuma karafuu za mwenziwe bure, na nyumbani kwake wale walichopata. Walifungwa uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono ili wajulikane, na watoto wakiwaona njiani wanawazomea. Matajiri walipenda mchezo huo kuliko ule wa pesa. Walikuwa wakikaa pembeni wanatazama maskini wawili wanafungana, wanakunywa kahawa.

Hapo lazima nieleze desturi yetu, labda msomaji si wa huku. Watu wakiwa barazani wanacheza karata, kukiadhiniwa wapo wanaonyanyuka mara moja, na wapo wanaosema ngoja nimalize. Anayenyanyuka humpa karata zake mtu aliye karibu, anamwambia "nishikie". Ukiambiwa hivyo hukatai. Kukataa ni kama kumzuilia mtu swala yake. Unashika, unamchezea, akirudi unampa kiti chake. Ni amana, na tumezaliwa tumeikuta.

Sasa, mchumaji mmoja kutoka Shumba alikuwa anacheza pale Nargisi, kukaadhiniwa magharibi. Akampa mtu karata, "nishikie", akenda kusali. Aliporudi akakuta ameshafungwa. Akasema, "Mimi nilikuwa mbele ya Mola wangu, nimefungwa vipi? Aliyeshika ndiye aliyefungwa." Wakamcheka mpaka vikombe vikamwagika. Wakamwambia karata zako, mkono wako. Wakamfunga uzi. Msimu haukwisha, tawi likamkatikia akaanguka juu ya mkono ule ule. Hakufa papo hapo. Wanasema alilala ndani wiki nzima, mkono umevimba na kunuka, na hakusema neno lolote jingine ila hilo: aliyeshika ndiye aliyefungwa.

Baada ya Mapinduzi jengo likawa ofisi. Makarani wakahama chumba cha feni mmoja mmoja, wala hakuna aliyesema kwa nini. Miaka ikapita, mtu akalikodi akafanya gesti, akaweka televisheni na meza ya puli. Mgeni mmoja akaamka asubuhi hawezi kushika kijiko. Mwenyewe akasema ni kiharusi, lakini gesti ikafungwa. Umeme ukakatwa. Njiwa wakaingia.

Sasa hivi kinachotumika ni sakafu ya juu tu, kwa kuanika karafuu. Saruji inashika moto, karafuu zinakauka upesi kuliko kule kwetu Gando. Mzee Shaame, anayelinda jengo, anakuruhusu utandike majamvi yako. Ana sharti moja. Tulipokwenda kumwomba alituambia, "Juu anikeni mtakavyo, wanangu. Lakini mwadhini wa magharibi asikukuteni ngazini."

Faki akajibu, "Mzee, sema tu unataka kufunga mlango mapema ukalale."

Mzee Shaame hakucheka.

Siku yenyewe kulikuwa na wingu. Tangu alasiri nilikuwa namwambia Faki tuanue, yeye yuko chini kwenye kahawa anawachekesha watu. Alipopanda, matone yalikuwa yashaanza. Tukakusanya mbio mbio. Faki akabeba gunia la mwisho begani akateremka nalo kwenye gari la ng'ombe, mimi nikabaki kukunja majamvi na kufagia zilizobaki kwenye pembe. Mvua yenyewe haikunyesha, ilipita ikaenda baharini.

Nikawa nateremka, jamvi kichwani na ufagio mkononi. Mlango wa chumba cha feni, ambao siku zote una kufuli lenye kutu, ulikuwa wazi. Na feni linazunguka. Jengo halina umeme, niaminini, nyaya zilishaibiwa zamani. Linazunguka polepole, tik, tik.

Ndani mezani wamekaa watu wawili wanacheza karata. Pembeni ukutani wamesimama wengine wengi wanatazama, kama wanavyosimama watu barazani. Dirisha lilikuwa nyuma yao, nyuso sikuziona sawasawa. Mmoja wa wale wawili, mtu mwembamba wa makamo, akageuka akaniona. Uso wake ulikuwa mwema. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, ulikuwa uso mwema kama wa mjomba.

Hapo hapo mwadhini akaanza. Allahu Akbar.

Yule mtu akanyanyuka. "Alhamdulillahi," akasema. "Kijana, nishikie. Nakwenda kusali."

Ningefanya nini? Niambieni nyinyi mnaosoma. Mtu mzima amekunyoshea karata, adhana inalia, na wewe hata salamu huwezi kuitoa bila kumeza mate. Niliweka jamvi chini nikazipokea. Nilikuwa nimeshakaa kitini ndipo nilipoona mambo mawili. La kwanza, amenipa kwa mkono wa kushoto. La pili, alipotoka hakuteremka kwenda msikitini. Alipanda juu, nilikotoka mimi, ambako hapana mtu wala maji.

Aliyebaki mbele yangu alikuwa mnene, anatafuna tambuu. Yeye pia alishika karata kwa kushoto. Mkono wa pili umelala ndani ya koti kama kitu cha mtu mwingine.

"Unajua tunachezea nini, mwanangu?" akaniuliza.

"Sijui, babu. Mimi nashika tu."

"Pesa haramu humu. Tunachezea mkono wa kuume." Watu wa ukutani wakacheka. "Na unajua nani anayefungwa?"

Aliyeshika. Nilikuwa najua. Kila mtoto wa Wete na Gando anajua. Niliangalia wale watu wa ukutani, nikaona mikono yao ya kuume yote inaning'inia ndani ya mikono ya kanzu, imekonda kama vijiti vya mhogo.

Nilitaka kunyanyuka. Miguu ilikuwa yangu, haikufungwa na kitu, mlango uko wazi. Mmoja wa ukutani akasema kwa upole, "Kilichoshikwa hakiachwi, yakhe. Mwenyewe kaenda kusali." Na mimi, mtu wa haya, nikabaki. Hebu fikirini. Wengine wanakamatwa kwa minyororo.

Tukacheza sitini na moja, mchezo wa kuwahi pointi hizo, ambao Pemba hata watoto wanaujua. Karata kubwa ni ree, inafuata saba. Karata zangu zilikuwa nzuri. Nilikuwa na saba ya turufu, na nikaanza kupata matumaini kwamba huenda nikamfunga yule mnene, nikampa mwenyewe kiti chake na nikaenda zangu.

Ndipo nikasikia viatu vya Faki ngazini.

"Bi Harusi! Nimekuita mpaka koo limekauka, mwenye ng'ombe anataka kutuacha. Kumbe weye umo kwenye karata!" Akaingia, akatoa salamu kwa wote. Hawakuitikia, naye hakujali. Faki akiona karata haoni kitu kingine.

Mnene akanyanyuka papo hapo. "Afadhali umekuja. Kijana, nishikie na miye. Magharibi haina subira."

Nikasema, "Kaka, usishike." Wallahi nilisema. Lakini sauti yangu mnaijua ilivyo, na adhana bado ilikuwa inalia, na Faki alikuwa ameshakaa.

"Nipe, mzee, nikuondoshee aibu. Huyu mdogo wangu hajui hata kuchanga." Mnene akapanda juu kumfuata mwenziwe. Faki akazifungua karata akazitazama, akatabasamu. "Wanachezea nini humu?"

Ukutani wakajibu kwa pamoja, "Mkono wa kuume."

"Mkono gani, wake? Mkono wenyewe kazi yake kuandika kadi za harusi!"

Wakacheka. Wakamsifu. "Huyu ndiye mchezaji, huyu. Mtoto wa nani huyu?" Walimzunguka kama watu wanaomzunguka mchezaji hodari siku zote, na Faki akachanua kama jogoo. Mimi hakuna aliyesimama nyuma yangu.

Tukawa tumebaki sisi wawili mezani, ndugu wa tumbo moja, na wale wenye karata wote wawili wako juu. Kila Faki alipokula karata zangu alitia na neno. "Hiyo imekwenda, Bi Harusi. Na hiyo nayo. Mama kakufundisha kucheza?" Na kila alipokula, ubaridi ulipanda kwenye mkono wangu. Kwanza kwenye ncha za vidole. Kisha kiganjani. Nilipotaka kuchomoa karata vidole havikukunjika, nikalazimika kutumia kushoto. Watu wa ukutani walipoona nimetumia kushoto walivuta pumzi wote kwa pamoja, kama watu waliosikia harufu ya chakula.

Zilibaki karata mbili kwa kila mmoja. Nikamwambia, "Kaka. Mkono wangu umekufa. Uone mwenyewe." Nikauinua kwa mkono mwingine nikauweka juu ya kitambaa cha kijani, ukaanguka pale kama samaki. "Nakuomba kwa Mungu, niachie huu."

Faki akautazama. Aliutazama vizuri. Nimemsikia baadaye akiwaambia watu kwamba hakuona kitu, kwamba kulikuwa na giza. Hakukuwa na giza hilo. Aliuona mkono, akainua macho akaniona mimi, kisha akawatazama wale watu waliokuwa wanamsubiri.

Nikaweka saba ya turufu. Iliyobaki ilikuwa karata ya bure.

Faki alikuwa na turufu mbili. Ree, na ile ndogo ya tatu. Angeweka ile ya tatu, mimi nimekula, nimefika sitini na moja, nimemfunga, basi. Najua alikuwa nazo zote mbili kwa sababu baada ya kucheza aliitupa iliyobaki juu ya meza, uso juu, kila mtu aione. Aliitupa kwa majivuno.

"Kwenye karata hakuna ndugu," akasema, akaipiga ree juu ya saba yangu mpaka meza ikalia.

Walicheka, wasomaji wangu. Sijapata kusikia watu wamefurahi vile hata siku ya Idi. Faki akasimama katikati yao, akaninyoshea kidole cha dharau kama tunavyofanyiana barazani. "Ulofungwa! Nyanyuka!"

Nikanyanyuka. Tulipofika ngazini nikasikia mwadhini anamaliza. Adhana ile ile. Mchezo wote ule umeingia ndani ya adhana moja. Nikageuka, mlango umefungwa, na kufuli lenye kutu liko pahala pake na utando wa buibui juu yake. Jamvi langu limeegemezwa nje ukutani.

Barabarani tulipita msikitini. Kwenye bomba la kutilia udhu wamechutama watu wawili, mwembamba na mnene. Wanaosha mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, wanarushiana maji na kuchekana kama wafungwa waliotolewa gerezani. Nikasimama mbele ya yule mwembamba. Nilitaka aniangalie tu. Alikuwa na uso ule ule mwema. Akanigeuzia mgongo akaendelea kuosha mkono wake wa kuume, anaupapasa kama mtoto mchanga.

Faki akaniuliza, "Unamtazama nani hapo?" Yeye aliona bomba linalovuja.

Tangu siku ile mkono wangu haukufanya kazi tena. Hospitali wamenipima, wakasema ni mishipa, wakanipa vidonge. Mama amenikanda kwa mafuta ya karafuu mpaka ngozi ikachunika. Shehe wetu ameniandikia kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani, nimeziosha na kunywa sahani baada ya sahani. Mwisho alinitaka nimweleze kweli, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, kilichochukuliwa mezani kinarudishwa mezani. Aliyekufunga akubali kukaa tena, na akubali kufungwa."

Mama alimwita Faki usiku huo huo baada ya isha. Alimpigia magoti, mama mzima, kwa mwanawe. "Faki babangu, mrudishie ndugu yako."

"Nimrudishie nini, mama? Mimi nimemkata?"

"Nenda naye mkacheze tena."

Faki alikuwa anakula. Alikuwa amekata tonge, akaliweka mdomoni taratibu. Ndipo mama alipoona, na mimi nikaona, mbele ya mwanga wa koroboi. Kwenye dole gumba la mkono wake wa kuume kulikuwa na kovu limepinda kama mwezi mwandamo.

Nikautazama wangu uliolala mapajani. Dole gumba ni laini, halina alama yoyote. Halijawahi kukatwa.

Mama akatoa sauti ndogo akajifunika uso kwa kanga. Faki akamaliza kula. Akaniambia bila hata kunipandishia sauti, "Ulifungwa, Bi Harusi. Aliyefungwa hufanya nini?"

Na sasa Faki ndiye mchumaji wa kwanza Gando. Vidole vyake havichoki. Watu wanakuja kutoka mbali kumwajiri, na ameposa, na watu wa mke wamempenda. Siku ya kupeleka posa lilitengwa sinia la pilau, tukakaa kulizunguka, na mimi nikatia mkono wa kushoto. Kuna jambo jingine ningeweza kufanya? Watu wakaacha kula. Mzee mmoja akavuta mkono wake akaufuta. Faki akasema kwa sauti, "Mpeni huyo sahani yake kule nje, na kijiko, msije mkatapika." Wakacheka. Tangu siku hiyo nakula peke yangu nyuma ya jiko. Njiani nikimsalimia mtu natoa kushoto bila kukusudia, na watu wananiona sina adabu. Siku nyingine Faki ananipita ananipiga begani kwa utani. Nausikia uzito wake, nalijua joto lake. Ananipiga kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi si wa kutoa nasaha, lakini hii chukueni. Kushikiana karata ni desturi njema, wala sisemi muiache. Lakini mtu akikwambia nishikie, nakwenda kusali, mtazame kwanza anatoa kwa mkono gani, na mtazame anaelekea wapi. Kama haelekei msikitini, zitupe chini zile karata. Watakutukana, watasema huna amana. Waache watukane. Matusi hayaozeshi mkono. Na kama umeshakaa, usimngojee ndugu yako aje kukuokoa. Mwombe Mungu aje mtu baki.

Naomba anayejua dawa, au anayemjua mtu aliyepata kurudishiwa, aniandikie. Andikeni kwa herufi kubwa, nasoma polepole pia. Nitafurahi hata kwa mistari miwili.

Jambo la mwisho. Juzi Faki alinikuta naandika haya, karatasi nimeikandamiza kwa kiwiko isiteleze. Akasoma kidogo juu ya bega langu. Akasema, "Lete nikuandikie mimi, utakesha hapo." Akachukua kalamu akaandika jina langu pembeni. Lilikuwa zuri, limesimama sawasawa, lile lile la kwenye madaftari aliyokuwa akiyaonyesha mama. Karatasi ile nimeichana nikaanza upya.

Basi mkija kupata barua nyingine yenye jina langu, imeandikwa vizuri, inasema nimepona na haya yote nilitunga, msiiamini. Mwandiko ni wangu. Aliyeandika si mimi.